Mzee akianza kulala mchana na kukesha usiku

Baba yangu ini lake limesinyaa. Daktari alisema ni sirosisi iliyoletwa na homa ya ini B, aliyokaa nayo miaka bila kujua. Majirani zetu hapa Mikindani walisema ni nipa, ile gongo ya mabibo ya korosho, ingawa mzee hajawahi kuonja hata uraka, pombe nyepesi ya mabibo hayo hayo. (Sisemi nipa ni salama. Kwa mwenye ini bovu, hata glasi moja ni nyingi.) Watu wakija kutujulia hali huuliza habari za tumbo lililojaa maji. Mimi naanzia kichwani, maana ndiko tulikokosea.

Mchana alikuwa anasinzia na kikombe cha chai mkononi. Usiku anazunguka uani akitafuta ufunguo wa baiskeli tuliyokwisha kuiuza. Siku moja akavaa kanzu mgongo mbele, akaniita jina la shangazi. Mjomba akaja kutoka Newala, akasema shemeji yake amechezewa, apelekwe kwa fundi, mganga wa kienyeji. Tukampeleka. Akanyweshwa mizizi, na asubuhi ya pili tukamtikisa, hakuamka sawasawa.

Hospitalini, alipopata nafuu kidogo, walimwambia anyooshe mikono mbele. Vitanga vikawa vinapigapiga kama mbawa. Ini likishindwa kuchuja damu, sumu zinazotoka utumboni hupanda hadi kwenye ubongo. Wakaniuliza: amepata choo lini? Sikujua. Kumbe siku nne! Nilikuwa naandika dawa zote daftarini, lakini binti kumuuliza baba yake habari za chooni, niliona haya.

Haya hizo sina tena. Anakunywa laktulosi, dawa nzito tamu kama shira, na tunaipima kwa choo: kiwe laini, mara mbili au tatu kwa siku. Asipopata, tunaongeza kama daktari alivyotuelekeza. Akiharisha tunapunguza, kwa kuwa kukaukiwa maji nako kunamchanganya. Dawa za usingizi hatumpi, hata akikesha. Kila asubuhi anaandika jina lake daftarini. Mwandiko ukiyumba, tunajua mapema, kabla hajageuza kanzu.

Kuna aliyetushauri tumnyime samaki na maharage ili kichwa kitulie. Mabega yakabaki mifupa mitupu. Daktari akatukataza kabisa: mgonjwa wa ini anahitaji nguvu hiyo. Sasa anakula mayai, kunde, mbaazi na samaki wasiokaushwa kutoka feri. Chaza na kome hawali mpaka waive barabara.

Ugomvi mkubwa uko kwenye chumvi. Ng'onda (samaki wa kukaushwa kwa chumvi), papa mkavu, korosho za chumvi za stendi, ming'oko (mizizi ya porini tunayochemsha kwa chumvi), vidonge vya mchuzi, vyote vinavuta maji tumboni. Kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha ndani ya vyakula. Ming'oko namchemshia yake mbali, na mchuzi naupa limau, tangawizi na tui zito. Bado analalamika. Asubuhi, akishakwenda haja na kabla ya chai, anapanda mzani. Uzito ukipanda siku mbili tatu mfululizo, hayo ni maji, si unene.

Dawa za maumivu nazo zilituponza. Mgongo ulimuuma, duka moja la dawa likatupa diklofenaki bila kuuliza anaumwa nini. Mkojo ukapungua, miguu ikavimba. Siku hizi ni parasetamoli tu, na kwa ruhusa ya daktari: vidonge visivyozidi vinne vya miligramu 500 kwa siku.

Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akipata homa na tumbo kuuma, au asipoamshika, hatungoji kuche. Nauli ya bajaji iko ndani ya kopo, haiguswi hata kwa mkaa.

Na sisi wa nyumbani tulipima. Tanzania watoto wachanga wanachanjwa homa ya ini B tangu 2002, lakini wengi tulizaliwa kabla. Mdogo wangu alikutwa nayo, na anahudhuria kliniki.

Saa tatu usiku anapewa uji wa ulezi au ndizi, ili mwili usile misuli yake usiku kucha. Jana nilichelewa, nikamsikia chumbani: "Mwanangu, uji wangu leo umeuuza?" Nikajua kichwa kiko sawa.