Usimtumie pesa kabla hujayasoma maandishi madogo ya ndani

Ndugu wa Kisumu, usitume hiyo amana. Nimeyasoma maelezo yako mara tatu, na karibu kila neno ambalo muuzaji huyo wa Kondele amekuambia niliambiwa mimi hapa Nakuru. Unasema atakupa katuni mbili za vitabu kwa shilingi 15,000: ile ya kifo cha Superman ikiwa bado imefungwa katika mfuko wake mweusi, na Spider-Man ya kwanza kabisa ya mwaka wa 1962. Unauliza kama bei hiyo inafaa. Kwanza tuokoe pesa zako.

Mnamo Februari 2020 nilinunua kwa shilingi 28,000 nakala ya The Incredible Hulk nambari 181, toleo la Novemba 1974 ambamo shujaa Wolverine alijitokeza kikamilifu kwa mara ya kwanza. Hiyo ilikuwa bei ya magunia 14 ya mahindi ya shamba letu la Njoro, na mama alikuwa ameniachia pesa hizo ninunue mbolea ya msimu uliokuwa ukikaribia. Nilijiambia kwamba nitaiuza kwa mara kumi ya bei hiyo kabla mvua haijaanza, nirudishe za mbolea, na zinazobaki nimalizie deni la karo ya dada yangu. Muuzaji aliifungua katuni hiyo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, akanionyesha stempu ndogo iliyochapishwa pale, ikiwa haijakatwa. Katika miaka ile Marvel, kampuni inayoichapisha katuni hiyo, ilikuwa ikichapisha stempu kama hizo na kuwahimiza wasomaji wazikate na kuzibandika katika kitabu maalumu, na ndiyo maana nakala ya zamani iliyokatwa stempu hushuka thamani sana. Nilikuwa nimesoma habari hiyo, naye alijua kwamba mtu kama mimi lazima awe ameisoma. Nilipoiona stempu nikaacha kutazama kitu kingine chochote, nikatoa simu na kumtumia pesa zote papo hapo.

Wiki tatu baadaye niliipeleka Nairobi kwa mzee mmoja anayekusanya katuni. Hakuhitaji kioo cha kukuzia. Aliligeuza jalada, akaweka kidole kwenye mistari midogo ambayo hakuna anayeisoma, ile inayotaja mchapishaji, mahali na mwaka, kisha akanisukumia nisome mwenyewe. Nakala yangu ilikuwa imechapishwa upya mwaka wa 2019. Ilikuwa halali kabisa, kwa kuwa Marvel huyachapa upya matoleo yake maarufu, pamoja na matangazo ya zamani, barua za wasomaji na hiyo stempu, ili msomaji wa leo ayaone yalivyokuwa. Bei yake dukani ilikuwa dola 3.99, yaani shilingi kama 400 kwa wakati ule. Niliporudi nyumbani nilifungua sanduku la babu, ambalo limetandikwa magazeti ya miaka ya sabini, nikaiweka katuni yangu kando yake. Gazeti lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa na lilikatika nilipolikunja. Karatasi ya katuni yangu ilikuwa nyeupe na yenye kuteleza, kama iliyotoka kiwandani juzi. Ushahidi huo nilikuwa nao mkononi siku niliyonunua, na sikuutazama.

Mwaka huo tulipanda bila mbolea. Mama hakunigombeza hata siku moja, na hilo liliniumiza kuliko kama angenigombeza.

Muuzaji nimemkasirikia, lakini hasira yangu kubwa ni kwa wale watengenezaji wa video za mtandaoni wanaokaa mbele ya rafu za katuni na kutangaza kwamba toleo lolote ambalo shujaa amejitokeza mara ya kwanza litapanda bei filamu yake ikitoka. Niliwasikiliza kwa miezi minane. Hawakutaja hata mara moja kwamba kuna chapa ya kwanza na chapa za baadaye. Walinifundisha majina ya mashujaa wote na wasinifundishe mahali pa kusoma mwaka wa uchapishaji, na hilo silisamehe, maana wao walilijua.

Sasa tuitazame hiyo ya Superman. Ni nambari 75, ilitoka Novemba 1992, na huenda yako ni ya kweli, lakini ukweli wake haukusaidii. Iliuzwa kwa mamilioni, na watu wengi waliinunua kwa makusudi ya kuihifadhi bila kuufungua mfuko, kila mmoja akitumaini kuja kutajirika. Mwaka mmoja kabla yake, nambari 1 ya mfululizo mpya wa X-Men, katuni ya Marvel, ilikuwa imeagizwa nakala zaidi ya milioni nane. Kitu ambacho kila mtu amekihifadhi hakiwezi kuadimika. Biashara hiyo iliporomoka, maduka mengi ya katuni Marekani yakafungwa, na Marvel yenyewe ikaomba kinga ya kufilisika mwaka wa 1996. Ile Action Comics nambari 1 ya Juni 1938, ambamo Superman alizaliwa, iliuzwa kwa senti 10, na nakala moja ikafika dola milioni 6 mwaka wa 2024, kwa sababu karibu nakala zake zote zilitupwa, zilichakaa au zilikusanywa pamoja na karatasi nyingine kuukuu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Hiyo Spider-Man ya 1962 sitaki hata kuijadili sana. Nakala ya kweli, hata iliyochakaa na kuchanika, huuzwa kwa maelfu ya dola, na iliyo safi mno ilifika dola milioni 3.6 mwaka wa 2021. Mtu aliye nayo hawezi kukupa pamoja na nyingine kwa shilingi 15,000.

Ukitaka katuni kwa ajili ya kusoma, anza na Shujaaz, ambayo tangu 2010 ilikuwa ikitolewa bure, ndani ya gazeti la Jumamosi, kwa Sheng tuliyoielewa sote. Mimi bado ninazo kadhaa, na nitakutumia mbili kwa gari la matatu la Kisumu ukitaka.

Usiku huu mwambie muuzaji akutumie picha ya ukurasa wa ndani wa hiyo Spider-Man, penye mistari midogo ya mchapishaji na mwaka, na ya pili ya upande wa ndani wa jalada. Mwambie asipunguze ukubwa wa picha. Ukizipata ziweke hapa kabla hujamjibu, nami nitakaa macho nikusomee.