"Nataka kusoma rasilimali watu kwa sababu haina hesabu"

SWALI: Shikamoo mama. Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), nimepata daraja la pili. Hisabati ya kidato cha nne nilipata F. Nataka kuomba shahada ya usimamizi wa rasilimali watu kwa sababu napenda kukaa na watu, na nimeambiwa haina hesabu. Mjomba anasema bora utawala wa umma, eti ndiyo yenye ajira. Halafu kuna kaka kwenye kundi letu la WhatsApp anafundisha HR, yaani hiyo rasilimali watu, kwa wiki mbili, shilingi 150,000, unapata cheti cha kimataifa. Anasema ukiwa nacho hakuna haja ya kusubiri miaka mitatu ya chuo. Naomba unisaidie kupanga. – Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa matokeo. Kwa upande wa pointi usiwe na hofu. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa anayetoka kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi kwa jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Mwenye daraja la pili ameshavuka hapo.

Barua yako nimeichagua kwa ajili ya maneno mawili: haina hesabu. Kila msimu wa udahili nayapokea. Wazazi huniambia, walimu wa sekondari huwaambia wanafunzi wao, na nimewahi kuyasikia kwa kijana aliyekwisha kuhitimu na kukaa mbele yangu kwenye usaili. Zaidi ya miaka ishirini nimefanya kazi hii ya rasilimali watu, na sijui uongo mwingine uliowatia hasara wafanyakazi wa nchi hii kama huu.

Chukua kalamu. Mfanyakazi mmoja wa kampuni binafsi, Tanzania Bara, mshahara wa msingi 1,000,000, hana posho, chuo alisomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unachukua asilimia 10, yaani 100,000, na mwajiri anaongeza 10 yake. Inabaki 900,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi. Shilingi 270,000 za kwanza haziguswi. Zinazofuata 250,000 zinatozwa asilimia 8, ni 20,000. Zinazofuata 240,000 zinatozwa asilimia 20, ni 48,000. Zilizobaki 140,000 zinatozwa asilimia 25, ni 35,000. Jumla ya kodi ni 103,000. Kisha Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Wa msingi, usichanganye na kilichosalia baada ya kodi. Hiyo ni 150,000. Mtu wetu anapeleka nyumbani 647,000. Kwa mwajiri bado kuna mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na tozo ya kuendeleza ufundi stadi.

Sasa mkabidhi jedwali hilo mtu aliyeingia kwenye fani kwa kuikimbia hesabu. Anatoza kodi kwenye milioni nzima kabla ya kutoa NSSF. Kodi inakuwa 128,000. Shilingi 25,000 zimepotea, na mwezi ujao tena, na mwaka ukiisha ni 300,000. Aliyekatwa hajui, kwa sababu salari slipu imechapwa vizuri na ina mhuri. Nimekuta makosa ya namna hii yamekaa miaka bila mtu kuyagusa.

Au ovataimu. Mlinzi analipwa 600,000 kwa mwezi, ratiba yake ya kawaida ni saa 45 kwa wiki. Sheria inasema mshahara wa mwezi ugawe kwa 4.333 upate wa wiki, halafu ugawe kwa saa 45. Saa moja inakuwa kama 3,077, na ovataimu ni mara moja na nusu, kama 4,615. Wasiojua wanagawa kwa siku 30, kisha kwa saa 9, wanapata 2,222, na ovataimu yao inakuwa 3,333. Kwa saa 40 za ziada, mlinzi huyo ameibiwa zaidi ya 50,000 ndani ya mwezi mmoja, na aliyemwibia hajui kuwa ameiba. Hii ndiyo fani uliyoambiwa haina hesabu, mwanangu.

Tuje kwenye F yako. Haijakuua. Umeona mwenyewe, hapo juu kuna kujumlisha, kugawanya na asilimia, na mtu mzima akiamua hujifunza. Ila inaweza kukuzuia mlangoni. Programu kadhaa za biashara na usimamizi zinataka D ya hisabati ya kidato cha nne, au kufaulu hisabati ya ziada ya kidato cha sita. Nyingine hazitaki. Mwongozo wa udahili wa TCU una safu ya sifa za kujiunga kwa kila programu ya kila chuo. Isome mwenyewe, mstari kwa mstari, kabla hujalipa ada ya maombi hata moja. Tangu 2017 maombi yanapelekwa chuoni moja kwa moja, kwa hiyo kila chuo utakachoomba bila kuwa na sifa ni hela yako imekwenda. Usimwachie kijana wa steshenari akuchagulie kozi, akabaki na nywila yako. Nimeona wasichana waliojikuta kwenye programu ambayo hawakuwahi hata kuisikia, kwa sababu mwenye kompyuta alikuwa na foleni na alitaka kumaliza.

Ningekuwa mama yako ningekusajili pia urudie hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea, hata kama chuo ulichokipata hakiidai.

Uliandika pia kwamba unapenda kukaa na watu. Ni jambo jema, lakini halitoshi kuwa sababu. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni maandishi na taratibu: mkataba, barua ya kujieleza, barua ya onyo, muhtasari wa kikao, faili lililokamilika. Na mara nyingi kazi ni kusimama mbele ya mkurugenzi aliyekasirika na kumwambia hapana, hili huwezi kulifanya leo. Anayependa kupendwa na kila mtu hupata shida sana siku hiyo.

Niliwahi kuitwa kusaidia kiwanda kimoja Dar es Salaam, jina naliacha. Mtunza stoo wa miaka kumi na moja alituhumiwa kupoteza malighafi. Afisa rasilimali watu wa pale alikuwa na cheti kama hicho unachouziwa wewe, alikipata kwa wikendi mbili. Asubuhi alimwita yule mzee, mchana akampa barua ya kufukuzwa, maneno yote yamenakiliwa kutoka kwenye kiolezo. Hakukuwa na uchunguzi, wala hati ya mashtaka. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinampa mtuhumiwa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, zinamruhusu kusindikizwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama chake, na zinataka kikao kiongozwe na mtu wa menejimenti ambaye hakuhusika na jambo hilo. Yote hayo hayakufanyika. Mzee alikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, kama inavyotakiwa, na mwajiri akashindwa.

Watu hudhani habari hiyo iliishia kwa mfanyakazi kushinda. Mimi sikuiona hivyo. Labda yule mzee alichukua mali, labda hakuchukua. Hakuna atakayejua kamwe, kwa sababu siku ya kuuliza hakuna aliyeuliza. Kama hakuiba, amemaliza miaka kumi na moja ya kazi na jina la mwizi mtaani kwake. Kama aliiba, kiwanda kimelipa fidia juu ya hasara. Yote mawili yalifanywa na mtu mmoja aliyeamini kwamba kazi hii ni ya kuchapa barua.

Basi huyo kaka wa WhatsApp. Kwanza hicho anachokiita cheti cha kimataifa. Vyombo vya kitaaluma vya fani yetu vipo kweli nje: CIPD ya Uingereza na SHRM ya Marekani vinajulikana duniani, vina mitaala, vina mitihani, vina gharama, na havigawi sifa zao kwa wiki mbili za ujumbe wa sauti. Muulize cheti chake kinatambuliwa na nani. Akikujibu kwa kukuonyesha picha za waliokipata, umeshajibiwa.

Watu wa namna hii wanastawi kwetu kwa sababu mlango uko wazi. Mhasibu wa Tanzania ana bodi yake ya taaluma, NBAA, na mtaalamu wa ununuzi ana yake, PSPTB. Ukitaka kujiita mhasibu mwenye sifa, kuna mtihani na kuna mtu wa kukuondoa kwenye orodha ukiharibu. Kenya walitunga sheria ya wataalamu wa rasilimali watu mwaka 2012, na anayefanya kazi hii anatakiwa asajiliwe na awe na cheti cha kufanyia kazi. Sisi hatuna bodi ya namna hiyo, kwa hiyo yeyote mwenye simu na nembo aliyoitengeneza usiku anaweza kuamka mkufunzi.

Halafu wanauza violezo. Hapa ndipo ninapokosa subira kabisa, na sasa nasema na waajiri kuliko na wewe. Nimeshika mkononi mkataba wa dereva wa Mwanza unaompa likizo ya siku 21 za kazi chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Ni sheria halali, ya Kenya. Yetu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na likizo yetu ya mwaka ni siku 28 mfululizo, zikihesabiwa na sikukuu zilizomo ndani yake. Aliyenakili hakusoma hata jina la nchi. Mwingine ana kiolezo cha kwetu, lakini cha zamani. Mwaka 2025 sheria zetu za kazi zilifanyiwa marekebisho, likiwamo suala la likizo ya mama aliyejifungua mtoto njiti. Mama wa namna hiyo akifika ofisini kwako na wewe ukamfungulia faili la kompyuta ulilonunua kwa 20,000 miaka mitano iliyopita, utamwambia siku 84 za likizo ya uzazi zimeisha arudi kazini, na mtoto bado yuko wodini. Hakuna kiolezo kitakachokuambia umekosea.

Wewe mwenye duka la jumla, mwenye shule, mwenye hoteli ya vyumba kumi na vinane, unayemweka mpwa wako kwenye kiti cha rasilimali watu kwa sababu ni mchangamfu na ana cheti cha kundini: siku ya CMA hutaulizwa kama mpwa ni mchangamfu. Utaombwa uthibitishe sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na utaratibu wa haki uliofuatwa. Mzigo huo wa ushahidi ni wako mwajiri. Na karatasi zitakazokuokoa ni zile zilizotakiwa kuandikwa kabla ya barua ya kufukuza.

Nirudi kwa mjomba. Hajakosea sana, ila ushauri wake ni wa jina la kozi. Utawala wa umma una nafasi yake serikalini, na rasilimali watu pia. Badala ya kubishana, ingieni pamoja kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, msome matangazo ya nafasi za maofisa wa utumishi na rasilimali watu, mahali palipoandikwa sifa za mwombaji. Tangazo hutaja fani zinazokubalika. Andika majina hayo kwenye daftari, kisha tafuta vyuo vinavyotoa shahada zenye majina hayo. Vijana wengi hulisoma tangazo kwa mara ya kwanza baada ya kuhitimu.

Vyuo ni vingi. Mzumbe, pale Morogoro, ina historia ndefu ya kufundisha uongozi na utawala tangu enzi kilipoitwa IDM, kabla hakijawa chuo kikuu. Chuo cha Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, kina jina katika upande wa mahusiano ya kazi. Chuo Kikuu Huria kinamfaa anayefanya kazi huku anasoma. Mimi sipangi vyuo kwa ukubwa wa geti. Omba orodha ya masomo ya miaka yote mitatu, uiangalie kama unavyoangalia samaki sokoni. Sheria ya kazi imepewa muhula mmoja tu au zaidi? Takwimu ipo? Uhasibu wa msingi upo? Mahusiano kazini, majadiliano na vyama vya wafanyakazi, mkataba wa hali bora, yamo? Mafunzo kwa vitendo ni wiki ngapi, na nani anakuja kukukagua? Chuo chenye masomo mengi ya uongozi na mawasiliano na somo moja dogo la sheria kitakupa joho tu.

Ukienda field, usikubali kumaliza wiki zote ukitoa fotokopi. Omba kwa adabu vitu vitatu: uoneshwe faili la mfanyakazi lililokamilika, ukae pembeni wakati mishahara inaandaliwa, na uruhusiwe kuandika muhtasari wa kikao cha nidhamu kama kipo. Ukikataliwa kimoja, omba tena wiki inayofuata.

Zile 150,000 zitunze, zitakufaa kwenye ada za maombi. Wakati unasubiri awamu ya kwanza ya udahili, ingia TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ni bure. Tafuta hukumu za Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kuhusu watu walioachishwa kazi. Soma tatu. Kwa kila moja andika kwenye karatasi: mwajiri alifanya nini siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, na ni siku ipi mambo yaliharibika. Na lile jedwali la mshahara wa milioni moja lifanye upya bila kuangalia majibu yangu, safari hii kwa mshahara wa 780,000. Ukimaliza niandikie ulichopata, nitakuambia kama umekosea na umekosea wapi.