Maji ya akiba kwenye boti ndogo ya matanga: mambo ya kujua kabla hujatoka Msasani, Dar es Salaam

Boti ya matanga ya futi 30 au 35 huweza kuwa na tangi moja la maji, lita 100 hivi, na mgeni wa kazi hii huliamini kama simtanki la nyumbani: likijaa, basi maji yapo. Kumbe tangi hilo linaweza kukuacha mkavu kwa njia kadhaa. Kifuniko cha kujazia kiko sitahani. Mpira wake ukichakaa na boti ikalala ubavu, maji ya chumvi huingia na hutajua mpaka uonje chai. Klipu ya bomba chini ya sinki ikilegea, presha hushuka, pampu ya umeme hujiwasha yenyewe na kumwaga lita zote ngamani, chini kabisa ya boti, watu wakiwa wamelala. Zima swichi ya pampu kila unapomaliza kuitumia. Na maji ya akiba yakae mbali kabisa na tangi, kwenye vyombo vyake, bila bomba lolote kuviunganisha.

Kuhusu kiasi, hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu. Vyombo na mwili huoshwa kwa maji ya bahari mkishatoka nje ya ghuba (ya Msasani hayafai hata kwa sahani), kisha husuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji baridi (yasiyo ya chumvi). Halafu ongeza nusu ya jumla hiyo.

Nusu nzima kwa sababu ya kusi, upepo wa msimu utokao kusini. Kwenda Unguja ni safari fupi, upepo huo unakusukuma na mkondo unakwenda nawe. Mafia ni habari nyingine: zaidi ya maili 70 za baharini kuelekea kusini, na mkondo wa pwani yetu hutiririka kwenda kaskazini mwaka mzima, kwa kasi zaidi wakati wa kusi. Boti inayobisha, yaani inayokwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, hukata njia ndefu kuliko inavyoonekana kwenye ramani, na safari uliyoipangia siku moja hugeuka mbili au tatu.

Tuseme watu wanne, siku 6 kwenda, kukaa na kurudi. Hiyo ni lita 96. Ongeza 48, unapata 144. Tangi la lita 100 usilihesabu lita 100, kwa kuwa boti ikilala pampu huanza kuvuta hewa kabla maji hayajaisha. Lihesabu 85. Zilizobaki, 60 hivi, zibebe kwenye madumu sita ya lita 10.

Kwa nini si matatu ya lita 20? Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na kulimimina boti ikiyumba ni kumwaga robo yake sakafuni. La lita 10 mtu mmoja huliinua kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika nguzo. Tena likipasuka, hasara ni ndogo. Nunua mapya ya plastiki ya chakula. Madumu ya njano yaliyokuwa na mafuta ya kula hubaki na harufu hata uyaoshe vipi, na lililowahi kubeba dizeli au petroli haliingii kwenye hesabu hata siku moja. Madumu ya maji yafunge kamba shingoni, ya dizeli yasiwe nayo. Rangi haisaidii saa tisa usiku, mkono ndio unaopapasa.

Maji ya bomba ya Dawasa, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yanatosha kujazia, ila tumia mpira wako mwenyewe wa maji na uache maji yatiririke dakika moja kwanza. Mpira wa gatini hushinda juani na maji yaliyolala ndani yake yananuka plastiki. Maji ya boza yana asili nyingi, na visima vya karibu na pwani vingine vina chumvi, kwa hiyo onja kwanza. Yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa safi. Kisha tia kidonge cha kutibu maji cha WaterGuard, kimoja kwa lita 20 kama pakiti inavyoelekeza, funika na usubiri nusu saa. Kwa madumu ya lita 10, tibu kwenye ndoo ya lita 20 halafu ugawe. Maji yaliyokaa mwezi mzima kwenye joto letu, yatumie kuoshea sahani, ujaze upya.

Tangi lenyewe lisafishe kabla ya msimu. Chukua jiki isiyo na manukato. Ikiwa ni ya asilimia 3.5, mililita 140 kwa lita 100 za maji zinatosha. Fungua kila koki mpaka unuse klorini, acha kwa muda wa saa nne, toa yote, suuza mara mbili. Usichanganye na siki kwa kudhani itasafisha zaidi, hewa inayotoka hapo ni sumu.

Kupakia ndiko wengi wanakoharibu. Kilo 60 zikiwekwa tezini, nyuma ya boti, boti huketi na kukataa kubisha. Zikifungwa kwenye uzio wa sitaha, wimbi moja huzing'oa, na jua hudhoofisha plastiki na kuotesha ukijani. Ziweke chini, katikati, gizani, pande zote mbili, zimefungwa zisicheze. Chupa nyembamba za dukani zikisuguana safari nzima hutoboka vitundu, hivyo zivalishe nguo kuukuu. Katoni ziache gatini: zikilowa hubomoka, na mayai ya mende huingia botini humo humo.

Dumu moja lipewe kazi ya kuondoka nalo endapo boti itazama. Liweke karibu na ngazi ya kutokea, na usilijaze hadi juu. Maji baridi ni mepesi kidogo kuliko ya bahari. Ukiacha nafasi ya hewa ya vidole vinne, dumu huelea vizuri na unaweza kulivuta kwa kamba.