Kipimo hakitaji jina la mtu: barua kwa mwanangu kuhusu HPV

Mwanangu,

Salamu zenu zimefika, na sisi huku Tanga hatujambo. Ujumbe wako nimeusoma nikaona haya si mambo ya kuzungumza kwenye simu huku watoto wanapita sebuleni, ndiyo maana nakuandikia.

Umeniuliza hivi: mkeo alikwenda kupima mlango wa kizazi, akaambiwa ana kirusi kiitwacho HPV. Mna miaka kumi na mmoja ya ndoa. Kama kirusi hiki kinaambukizwa kwa kujamiiana, yeye amekitoa wapi? Halafu chini kabisa ukaongeza: "Na je, atapata kansa?" Hilo la chini ndilo lililonitoa usingizi. Lakini nakujua, hutalisikia jibu lake mpaka hili la kwanza likutoke rohoni. Tuanze nalo.

Majibu ya HPV yanasema kirusi kipo. Hayasemi kimeingia lini wala kimetoka kwa nani. Hiki si kama kaswende au kisonono, ambavyo vikileta dalili hujitokeza muda mfupi baada ya kuambukizwa. HPV huingia kwa ngozi kugusana na ngozi wakati wa kujamiiana, haiumi, haiwashi, haileti homa, na karibu kila mtu anayejamiiana huipata wakati fulani wa maisha yake bila kujua. Inaweza kukaa mwilini miaka mingi ikiwa kidogo kiasi kwamba kipimo hakiioni, kisha kinga ya mwili ikishuka ikaonekana. Mkeo anaweza kuwa aliipata kabla hajakufahamu. Anaweza kuwa aliipata kwako mwaka ule mlipooana, nawe ukawa umeitoa kwenye maisha yako ya ujana ambayo mimi mama yako siyaulizi. Hakuna daktari wala maabara inayoweza kukuambia ni lipi kati ya hayo.

Kazi yangu ya uuguzi niliifanya kwenye kliniki za wanawake, na nimeona ndoa zikivunjwa kwa karatasi ya aina hiyo. Mwanamke anatoka kupima afya yake, anarudi nyumbani anahojiwa kama mhalifu, na mwezi unaofuata harudi kliniki kwa sababu nauli amenyimwa au moyo umemvunjika. Hilo ndilo ninaloliogopa kwako. Umeandika kwamba tangu siku ile hamzungumzi, na kwamba tarehe aliyopangiwa kurudi inakaribia wala hujui kama atakwenda. Baba yangu, akiacha kwenda, hapo ndipo kirusi hiki kinapata nafasi.

Sasa swali la pili. HPV si kirusi kimoja, ni ukoo wa aina zaidi ya 200. Namba 6 na 11 huleta masundosundo sehemu za siri, yanayosumbua na kutia aibu lakini si saratani. Zipo takriban 14 zenye hatari ya saratani, na mbili kati yake, namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha kama asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Sisi tulipokuwa wanafunzi wa uuguzi hatukufundishwa haya kwa sababu hayakuwa yamejulikana. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walikipata kirusi namba 16 ndani ya uvimbe wa saratani hiyo mwaka 1983, na namba 18 mwaka uliofuata. Mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel, na kwa maoni yangu alistahili, maana kabla yake wagonjwa wetu walikuwa wakisingiziwa kila kitu, hata kurogwa.

Kuwa na kirusi si kuwa na saratani. Kati ya wanawake kumi walioambukizwa, kama tisa kinga yao hukiondoa au kukizima chenyewe ndani ya miaka miwili. Shida iko kwa yule mmoja ambaye kirusi chenye hatari kinang'ang'ania. Kinapenda pale kwenye mlango wa kizazi ambapo seli za nje na za ndani zinakutana. Kikikaa sana hapo, protini zake mbili, E6 na E7, huzima protini za mwili ambazo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika. Seli zinaanza kubadilika sura. Mabadiliko madogo mara nyingi hurudi nyuma yenyewe, makubwa hayatabiriki. Kutoka maambukizi hadi saratani kamili huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, hasa mwenye VVU asiyetumia dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu, na mwanamke mwenye VVU ana hatari mara sita zaidi ya asiye navyo. Kwa hiyo nanyi mkapime VVU wote wawili. Sikuambii hivyo kwa kumshuku mtu. Daktari anahitaji kujua ili apange vizuri. Sigara nayo huongeza hatari. Wewe unayevuta, usivutie ndani ya nyumba hiyo.

Kuna jambo lililotokea New Zealand ambalo kila mkunga angepaswa kulijua. Kuanzia miaka ya 1960, katika hospitali moja, wanawake waliokuwa na mabadiliko makubwa kabisa, hatua ya mwisho kabla ya saratani, waliachwa bila matibabu kamili, wakawa wanatazamwa tu. Watafiti walipofuatilia kumbukumbu zao waliona kwamba miongoni mwa wale ambao hawakutibiwa vya kutosha, kama 3 kati ya 10 walipata saratani ndani ya miaka 30. Waliotibiwa ipasavyo hawakufika hata mmoja kati ya 100. Mateso ya wanawake wale yamekwisha kutufundisha. Sioni sababu ya mkwe wangu kuyarudia.

Hapa kwetu saratani hii ndiyo inayoua wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka na vifo zaidi ya 6,500. Nimewaandikia rufaa wanawake wengi kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road pale Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi, na wengi wao walikuwa wamechelewa. Walianza kutokwa damu baada ya tendo la ndoa wakadhani ni mambo ya hedhi. Ukaja uchafu wenye harufu, wakanyamaza kwa aibu. Maumivu ya kiuno yakafuata, na mwishowe uvimbe ukabana mirija ya mkojo hadi figo zikashindwa kazi. Nilikuwa nikiwauliza kama waliwahi kupimwa kabla, nao wananitazama tu. Mkeo amepimwa akiwa hana dalili hata moja. Kwa mimi niliyeona yale, hii ni habari njema, na ningependa uipokee hivyo.

Akirudi kliniki watamkagua kwa kifaa cha kufungulia uke, wampake siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe baada ya dakika moja hivi. Wasipoona kitu watampa tarehe ya kurudia kipimo, na tarehe hiyo nayo ni ya kuheshimu, maana bado ana kirusi. Wakiona kidoa kidogo wanaweza kukiunguza kwa joto au kukigandisha, mara nyingi siku hiyohiyo, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Kikiwa kikubwa, au kikiingia ndani, atapewa rufaa ili sehemu hiyo ikatwe kwa waya wa umeme na nyama ipelekwe maabara. Matibabu hayo hayamwondolei uwezo wa kuzaa. Atatokwa maji maji kwa wiki kadhaa, na mtaambiwa mkae bila kukutana kimwili kama mwezi mmoja hivi. Hilo ni lako kulitimiza, tena bila kunung'unika.

Umeuliza pia kama wewe upime. Hakuna kipimo cha kawaida cha HPV kwa wanaume kama kile cha wanawake. Tohara hupunguza maambukizi, kondomu hupunguza, ila hazimalizi, kwa sababu kirusi hukaa hata kwenye ngozi isiyofunikwa. Nanyi wanaume si kwamba kinawapita. Namba 16 husababisha saratani ya uume, ya njia ya haja kubwa na ya koo. Kule Marekani, saratani za koo zinazotokana na HPV zimezidi kwa idadi zile za mlango wa kizazi. Ukiona kidonda au uvimbe usiopona, kooni au huko chini, nenda ukaonwe.

Limebaki la binti yako, somo yangu. Ana miaka kumi, na umeniambia mlikataa asichanjwe shuleni kwa sababu ya maneno ya mtaani kwamba chanjo inaondoa uzazi. Chanjo ile haina kirusi. Ina ganda lake tupu la protini, ndani hamna kitu cha kuzaliana wala cha kuambukiza, na kinga hujifunza kulitambua ganda hilo kabla mtoto hajakutana na kirusi chenyewe. Ndiyo sababu hutolewa mapema: haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja tu kwa wa miaka 9 hadi 14. Na dozi moja haikuchaguliwa kwa kubana matumizi tu. Majirani zetu Kenya waliwafuatilia wasichana zaidi ya 2,000 wa Kisumu, Thika na Nairobi, na baada ya mwaka mmoja na nusu dozi hiyo ilikuwa imezuia zaidi ya asilimia 95 ya maambukizi ya kudumu ya namba 16 na 18. Mjukuu wangu achanjwe. Hili siombi.

Kwa hiyo leo ukishaimaliza barua hii, mwite mkeo mkae. Mwombe radhi kwa ule ukimya, umsomee sehemu zinazomhusu, na mwulize tarehe yake ni lini. Omba ruhusa kazini uende naye, ukae naye pale kwenye benchi na wanaume wengine wakuone. Kama ni wiki ijayo, nipigieni mapema nije na basi la asubuhi nishinde na watoto. Kadi ya kliniki ya somo yangu itafuteni muiweke mezani, nikifika nimpeleke mwenyewe.

Mama yako