Maswali ya Wasomaji: Kamomili Ipi Inafaa Bustani ya Nyumbani?

Mhariri mpendwa, nyuma ya jiko langu hapa Kabale nina kipande kidogo cha ardhi chenye mchaichai na rosemari, nami ningependa kuongeza kamomili kwa ajili ya chai ya jioni. Dukani nimeonyeshwa pakiti mbili za mbegu, moja ya kamomili ya Kijerumani na nyingine ya Kirumi, na muuzaji akaniambia kwamba hazina tofauti yoyote. Je, ni kweli? Na nipande lini?
Mama wa watoto wanne, Kabale

Mama, tofauti ipo, tena ni kubwa kiasi kwamba wataalamu wa mimea wameziweka katika jenasi mbili, yaani makundi mawili tofauti ya mimea. Kamomili ya Kijerumani ni Matricaria chamomilla, ambayo baadhi ya pakiti huiandika Matricaria recutita, na ya Kirumi ni Chamaemelum nobile. Tafadhali soma jina hilo la Kilatini kabla ya kulipa, kwa sababu jina la biashara peke yake linaweza kukupotosha.

Kwa chai, ushauri wangu ni uchukue ya Kijerumani. Huo ni mmea wa msimu mmoja, husimama wima hadi kufikia nusu mita hivi, na huchanua kwa wingi kuanzia kama wiki ya nane au ya kumi baada ya kupandwa. Maua yake yana ladha tamu kidogo inayokaribia harufu ya tufaha. Ya Kirumi huishi miaka mingi na hutambaa chini, lakini hutoa maua machache zaidi na chai yake ina uchungu ambao watoto wako huenda wasiupende. Ukibahatika kupata mbegu za Bodegold, aina ya Kijerumani iliyozalishwa ili iwe na vichwa vikubwa vya maua, zichukue, maana kuchuma vichwa vidogo kimoja kimoja ni kazi inayochosha vidole.

Mmea ukishachanua, unaweza kuhakikisha mwenyewe kama muuzaji alikupa ulichoomba. Chuma ua moja lililokomaa, lipasue katikati kwa ukucha kuanzia juu hadi kwenye kikonyo, kisha utazame ndani ya ile sehemu ya manjano: ya Kijerumani imeinuka kama koni na ndani ina uwazi, ilhali ya Kirumi imejaa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu katika nyanda za juu za Kigezi pareto imewahi kulimwa, na ua lake nalo lina petali nyeupe na kitovu cha manjano, ingawa ni kubwa zaidi. Pareto hutengenezewa dawa ya kuua wadudu, kwa hiyo usitie kwenye birika ua lolote lililojiotea shambani kwa kuwa tu linafanana na kamomili.

Kuhusu majira, Kabale ipo kwenye mwinuko wa takribani mita 2,000, na ubaridi huo unaufaa mmea huu sana. Sia mbegu mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili ili maua yaje Juni na Julai, wakati mvua imekatika, kwa kuwa maua yanayochumwa katika unyevu huota ukungu kabla hayajakauka. Mbegu ni ndogo kama vumbi na zinahitaji mwanga ili ziote, hivyo zinyunyize juu ya udongo uliolainishwa, uzikandamize kwa kiganja bila kuzifukia, kisha umwagilie kwa manyunyu. Miche ikishatulia, ipunguze ibaki na nafasi ya sentimita 15 hadi 20. Usizidishe samadi, la sivyo utavuna majani matupu, na usipulizie sumu maua utakayokunywa. Vidukari wakitokea, waoshe kwa maji.

Chuma asubuhi umande ukishakauka, petali zikiwa zimetanda wazi, kisha uyaanike maua kwenye ungo, kivulini, mahali penye hewa. Unapoandaa chai funika kikombe, kwa sababu mafuta yenye harufu huondoka pamoja na mvuke. Mtu anayedhurika na maua ya jamii ya alizeti na pareto asiinywe, na mjamzito, mtoto mchanga au anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wasipewe kabla ya kumwuliza daktari.

Nimesoma kwamba Uingereza kuna viwanja vinavyofunikwa kwa kamomili badala ya nyasi. Je, naweza kupata mbegu zake nipande kati ya mawe ya njia yangu?
Msomaji, Entebbe

Aina inayotumika huko ni ya Kirumi, na iliyo maarufu zaidi huitwa Treneague. Hiyo haichanui, kwa hiyo haina mbegu. Huongezwa kwa kugawa mashina yenye mizizi, na anayekuuzia pakiti ya mbegu zenye jina hilo anakuuzia kitu kingine. Hata ukipata miche, joto na unyevu wa kando ya ziwa huenda vikaiozesha katika msimu wa kwanza wa mvua ndefu. Kwa njia inayokanyagwa kila siku, ningekushauri ubaki na nyasi za paspalamu, na kamomili ya Kijerumani uipande kwenye chungu kinachopitisha maji vizuri, mahali panapopata jua la asubuhi.