Kabla ya Kuhamia Colorado, Ufahamu Mwinuko

Ndugu na jamaa wanaonipigia simu kuuliza habari za kuhamia Colorado, jimbo la Marekani, huanza na theluji. Nami niliondoka Tanga na hofu hiyo hiyo, begi limejaa masweta, kumbe theluji ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko yote, kwa kuwa jua la Denver, mji mkuu wa jimbo, ni kali na mara nyingi theluji iliyoanguka usiku huwa imeanza kuyeyuka barabarani mchana wake. Kilichonitesa ni mwinuko, na hakuna aliyekuwa amenionya.

Denver iko takriban mita 1,609 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Nairobi hatashtuka, maana kwao ni juu zaidi ya hapo. Mtu wa pwani atashtuka. Wiki mbili za kwanza nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu nikihema, kichwa kiliniuma kila jioni, na asubuhi moja niliamka nikakuta foronya ina matone ya damu iliyonitoka puani. Nilidhani nimeugua. Jirani yangu wa Aurora, mji unaopakana na Denver, mama wa Kikongo aliyetangulia kufika, alinitazama akacheka: "Ni hewa tu, ndugu yangu." Hewa ya huku ni kavu mno. Kunywa maji hata kama huna kiu, paka mafuta ya mgando midomoni na puani kabla ya kulala, na majira ya baridi, wakati hita inapozidi kuikausha nyumba, nunua mashine ndogo ya kuongeza unyevu chumbani.

Mwinuko utakufuata hadi jikoni. Nilibandika maharage saa nane mchana ili tuyale jioni, tukaishia kula mkate. Kwa sababu kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni ndogo, maji ya Denver huchemka yakifika nyuzi 95 hivi badala ya 100, na ukizidisha moto yatakauka upesi tu, hayataongeza joto. Presha kuka ndicho chombo cha kwanza ninachomshauri mgeni anunue, hata kabla ya televisheni. Keki nayo huumuka haraka kisha ikabonyea katikati, kwa hiyo punguza hamira.

Lililo zito zaidi ni siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi ulio katika familia nyingi za kwetu. Mwenye ugonjwa huo azungumze na daktari wake kabla ya kukata tiketi. Hata mtu aliyerithi chembe ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu, ambaye hajawahi kuugua maishani mwake, anaweza kuumia bandama akipanda mahali pa juu; kwa hiyo akipatwa na maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, aende hospitali mara moja na awaeleze madaktari hali yake ya damu.

Wengi hudhani watakaa mlimani. La, wakazi wengi tunaishi chini ya milima, na mashariki ya jimbo ni tambarare tupu. Greeley na Fort Morgan, ambako wahamiaji wengi kutoka Afrika hufanya kazi katika viwanda vya nyama, ziko huko bondeni. Milima huwa magharibi daima, jambo linalomsaidia sana mgeni asiyejua njia.

Siku utakapoipanda kwa gari, utapita barabara kuu ya 70 na handaki la Eisenhower, lililofunguliwa mwaka 1973 karibu mita 3,400 juu. Kwenye barabara hiyo, kati ya Morrison na Dotsero, kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, sheria inakutaka uwe na matairi yanayofaa theluji, yenye kashata za kina cha takriban milimita 5, au ubebe minyororo, isipokuwa gari lako liwe linavuta kwa magurudumu yote manne, na hata hilo lazima matairi yake yawe na kashata za kina hicho hicho. Mimi niliuziwa gari ambalo matairi yake yalikuwa vipara viwili mbele, nami sikukagua. Wakati wa kuteremka, weka gia ndogo na uache kukanyaga breki mfululizo; aliyewahi kushuka Kitonga, ule mteremko mkali wa barabara ya Iringa, ananielewa.

Kiangazi, radi hupiga sana mchana huko vileleni, kwa hiyo anza kupanda alfajiri uwe umeshuka kabla ya adhuhuri. Wala usijidanganye kwamba umetoka nchi ya Kilimanjaro. Mimi sikuwahi kuvuka hata lango la Marangu.

Mambo ya karatasi ni mepesi ukiyawahi: leseni ya udereva ndani ya siku 30 tangu kuwa mkazi, usajili wa gari ndani ya siku 90. Kata bima inayolipia mvua ya mawe, maana ile ya Mei na Juni hubonyeza bodi ya gari kama sahani ya bati.

Na kwa sisi tuliokulia nyumba zenye pipa chini ya kila mlizamu, kukinga mvua majumbani kuliruhusiwa huku mwaka 2016 tu, tena mapipa mawili yasiyozidi lita 416 kwa jumla, kwa kuwa maji yanayotiririka yana wenye haki nayo huko chini ya mto. Ukipanga nyumba, muulize mwenye nyumba kabla hujanunua pipa.