Saksofoni na drams: mkishazoeana kupita kiasi

Wawili wanaopiga jazi huria, ile ya kubuni papo hapo, saksofoni ya tenori na drams, wametuandikia. Wako pamoja zaidi ya miaka kumi, na kila onyesho sasa linafanana na la jana. Wanauliza kama watafute mpiga besi.

Besi iacheni kwanza. Tatizo ni kwamba mnaitikiana haraka mno. Saksofoni ikirusha mapigo matatu, drams inayadaka na kuyarudisha kabla hayajatua. Mwaka wa kwanza hilo linasisimua. Mwaka wa kumi ni ukasuku. Jirekodini dakika 20 kwa simu, mkae siku tatu, kisha kila mtu asikilize peke yake na kuandika dakika na sekunde alipomwiga mwenzake. Siku ya mazoezi inayofuata wekeni vizuizi: dakika 5 za mwanzo mpiga drams hagusi toazi hata moja, na saksofoni inabaki na noti tano. Kizuizi kiwe cha kuhesabika. Mkiambiana “leo tutulie kidogo,” hakuna atakayetulia.

Ubaya wa pili ni kupanda mlima pamoja. Dakika ya nane mko kileleni, ya kumi na tano hamna pumzi wala wazo. Msikilizeni mpiga drams Rashied Ali kwenye albamu ya Interstellar Space, aliyorekodi na mpiga saksofoni John Coltrane huko New Jersey Februari 22, 1967. Mapigo yake yanatawanyika pande zote bila kumfuata Coltrane hatua kwa hatua, na humo saksofoni inapata pa kukimbilia. Kwenu, mmoja akipanda, mwingine abaki chini dakika mbili nzima. Itawauma. Vumilieni.

Halafu pumzi. Mpiga drams aliyemzoea mwenzake huweka mkazo palepale saksofoni inapovuta hewa, mara nyingi bila kujijua. Mwenye saksofoni akitumia ule ufundi wa kuvuta hewa kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma sauti, ndoano hiyo inapotea na drams inalazimika kujitafutia njia. Dawa hii ni kali: dakika moja au mbili zinatosha, zaidi ya hapo inageuka sarakasi. Mpiga drams naye abadilishe chombo. Mpiga drams Hamid Drake, aliyeshirikiana na mpiga saksofoni Fred Anderson wa Chicago tangu miaka ya 1970, hushika pia ngoma bapa ya mkono, ndugu wa dufu letu, na mazungumzo yote yanabadilika.

Sasa vyombo, maana mengine mnayoyaita uchovu ni sauti zinazogombana. Noti ya chini kabisa ya tenori iko karibu na Hz 104, yaani mitetemo 104 kwa sekunde. Ngoma ya sakafuni, ile kubwa inayosimama kwa miguu yake, ikikazwa ikalia hapohapo, zinamezana. Ilegezeni au ikazeni mpaka mzisikie mbili. Nyaya za chini ya sinea, ile ngoma fupi yenye mlio mkali, hutetemeka zenyewe saksofoni ikipiga noti fulani, na sehemu ya kimya inajaa mchakacho. Zifungueni kwa kile kishikio cha pembeni kabla ya sehemu hizo. Tundu kubwa la saksofoni linalotoa sauti lisiielekee sinea. Mwenye saksofoni asimame mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwenye drams, upande wa matoazi mawili ya mguu, ili kila mmoja aone mikono ya mwenzake. Toazi kubwa zito lenye mvumo mrefu hufunika noti za juu. Jembamba linalokufa mapema linafaa zaidi watu wawili.

Na miisho: wawili waliozoeana huogopa kumaliza. Mmoja anaacha, mwingine anaongeza kidogo, wa kwanza anarudi, na dakika nne zinapotea. Coltrane kwenye rekodi ile alitikisa njuga kufungua na kufunga vipande. Nanyi kubalianeni hivi: atakayenyamaza haruhusiwi kurudi kabla ya sekunde 20. Mara nyingi mwenzake ataishia hapo.